Kura na Kulala kwa Mama Riziki

Ukiingia Magomeni ya hapa Mtwara kwa njia ya sokoni, ukaupita msikiti mdogo wenye mlango wa kijani, mkono wa kulia utakiona kibao. Mgeni hakipiti hivi hivi. Bodaboda hupunguza mwendo, abiria wa bajaji hutoa kichwa nje, na juzi nilimwona bwana mmoja mwenye tai akirudi kinyumenyume ili akisome tena. Kibao kinasema KURA NA KULALA, na chini yake, KWA MAMA RIZIKI, KARIBUNI WOTE.

Sisi wa mtaani tumekicheka mpaka mbavu zimezoea. Lakini kila nikisimulia kwa mdomo nakatizwa kwa vicheko, na aliyesikia nusu anakwenda kumalizia ya kwake. Basi nimeona niandike. Mimi nilikuwepo, na mwenye nyumba ni shogaangu tangu tulipokuwa tunagombania kipande kimoja cha kifutio darasani.

Jina lake ni Riziki, ila yeye mwenyewe hujiita Liziki. Si kosa lake. Sisi Wamakonde ndimi zetu na herufi ile hazijawahi kupatana. Mwalimu wetu alikuwa akishika fimbo na kusema, "Semeni rangi!" Darasa zima, "Langi!" Fimbo zikavunjika, langi ikabaki.

Mwenyezi Mungu alimpa Riziki mkono wa kulisha watu wengi. Kuna wanawake wanapika sufuria ndogo ikanoga, wakipewa shughuli ya watu mia wanatafuta pa kukimbilia. Riziki ni kinyume. Ukimwambia apike cha mtu mmoja anachanganyikiwa, chumvi inazidi. Miaka mingi alikuwa mpishi wa bweni la wasichana, na wasichana waliopita mkononi mwake sasa ni mama za watu na bado wanamwita Mama Bweni. Mapishi ya pale yalipochukuliwa na mzabuni, yeye akarudi nyumbani na mwiko wake mrefu kama kafi la mtumbwi, akaanza kuuza chapati asubuhi nje ya uzio wa shule ya msingi.

Nyumbani maana yake ni nyumba ya mama yao. Mama yule, Mola amrehemu, aliijenga mwenyewe kwa korosho za shamba lake. Nyumba kubwa ina vyumba vya kushoto na kulia, ukumbi katikati, na nyuma uani kuna banda la vyumba viwili lenye mlango wake wa kutokea uchochoroni. Wakati ule mafundi wa gesi walipojaa mjini, hapakuwa na chumba kilichokosa mtu. Kazi ilipoisha wakafunga mabegi. Mama naye akafariki, na vyumba vikabaki na popo.

Utasema, si wapangaji wapo? Wapo. Ila hapa mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakuonyesha ufunguo. Mwenye uwezo huo anakwenda kwenye nyumba mpya za marumaru. Asiye nao anazunguka na begi lake. Katikati hapo hapakuwa na mtu wa kumwambia, njoo.

Mwaka jana, kabla korosho hazijaanza kuanguka, kaka yake Mustafa akaja kutoka Masasi. Mustafa ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu mzuri, mnene, anacheka kwa tumbo, lakini akishaamua jambo ni kama saruji iliyokwisha kukauka. Kwetu neno la ukoo ni la mjomba, na mjomba wao alishafariki, kwa hiyo liko kwake. Akapita chumba hadi chumba akiwa ameziba pua.

"Riziki mdogo wangu, nyumba isiyolala watu inalala popo."

"Naona, kaka."

"Mnada wa kwanza wa korosho ukipita, wakulima wakishika hela zao, kila mtu Masasi na Newala atataka kujenga. Mimi saruji yangu naitoa hapa hapa Mtwara. Hii nitaifanya ghala. Wewe utakuja kukaa kwangu, chumba kipo."

"Na jiko?"

"Jiko la wifi yako lipo, kubwa tu!"

Riziki akauvuta mwiko wake karibu. Mwanamke yeyote anayesoma hapa anajua kwa nini. Wifi yake hana ubaya wowote, lakini jiko la wifi ni jiko la wifi. Unaingia kwa hodi na mwiko unauomba. Na mtu aliyeshika sufuria za bweni, ukimweka kwenye kigoda pembeni amenye vitunguu, umemzika akiwa anapumua.

"Kaka," akasema mwishowe, kwa sauti yake ile ya chini, "nipe mpaka mnada wa kwanza. Nitaijaza."

"Utaijaza nini?"

"Watu."

Mustafa akacheka kwa tumbo. "Haya. Siku ya mnada nakuja na lori. Nikikuta hata kitanda kimoja kitupu, kesho yake naingiza saruji. Tumeelewana?"

"Inshaallah," akasema Riziki. Mimi nilikuwa nimeketi pale na kikombe cha chai, nikasikia moyo wangu ukisema, inshaallah, lakini vitanda vyenyewe viko wapi?

Mungu akaleta mwanzo kupitia chaki. Palikuwa na mwalimu mpya pale shuleni, Godfrey, kijana wa Kigoma, ajira yake ya kwanza. Kila asubuhi alinunua chapati kwa Riziki, na kila asubuhi shati lake lilikuwa na chaki mgongoni.

"Mwalimu," Riziki akamtania, "wenzako wanaandika ubao kwa mkono. Wewe unaandika kwa mgongo?"

Godfrey akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mama, nalala stoo ya shule. Nimeunganisha madawati. Mshahara wa kwanza bado, na kila ninapobisha hodi wanataka miezi sita."

"Miezi sita! Mwanangu, hata mimi kwenye maisha yangu sijawahi kushika hela ya miezi sita kwa mkupuo. Jioni njoo na begi lako."

"Nitalipaje, mama?"

"Mwezi ukiisha utalipa wa mwezi. Kitanda na sahani. Huna kitanda cha kununua, huna jiko la kununua."

Jioni akaja. Riziki akamweka kwenye banda la uani, akamtengea ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki wa nazi. Kijana alikula kimya, akaongeza, akaongeza tena, kisha akajifuta jasho akasema, "Wenzangu wataniita kula kulala."

Msomaji wangu anajua hilo ni jina wanaloitwa vijana wakubwa wasiotaka kuondoka kwa mama zao. Lakini Riziki alisimama na upawa mkononi kana kwamba ameitwa na mtu.

"Kula na kulala," akasema polepole. "Si ndiyo hiyo! Mwanadamu si anaanzia hapo? Akila akalala, kesho anafanya kazi. Shoga, umesikia? Kula na kulala!"

Nikawa nimesikia. Usiseme! Tangu siku ile mwanamke yule hakutulia. Akauza mbuzi wake, akamfuata mnunuzi wa vyuma chakavu kule stendi, ambaye alikuwa na rundo la vitanda vya deka, vile vya juu na chini, kutoka hosteli iliyofungwa. Tulivibeba kwa bajaji, vyuma vimetokea huku na huku, mimi nimekumbatia miguu ya kitanda, dereva analalamika kwamba anaendesha pweza. Tukafukuza popo kwa moshi wa makumbi. Tukapaka chokaa. Akapanga wanawake nyumba kubwa, wanaume banda la uani na mlango wao. Akatunga na masharti, akayasema mbele yangu kama anaapa: pombe hapana, kila mtu anaosha sahani yake, na mtu akichelewa chakula chake kinafunikwa, hakitupwi.

Vitanda vilikuwa tayari. Watu hawakuja. Mwalimu Godfrey alilala peke yake na vitanda vitupu vinamtazama.

"Nani atajua?" nikamwambia Riziki. "Weka kibao."

"Niandike nini? Nikiandika nyumba ya kulala wageni, watu watasema gesti, na gesti unajua wanavyoisema. Mimi naswali hapo msikitini, shoga. Sitaki mtu aje kuniulizia chumba cha saa moja."

"Andika lile neno lako."

Tukaenda kwa Stefano, mchora vibao. Sasa hapa inabidi nimweleze Stefano. Ni Mmakonde mwenzetu wa kutoka Newala, ana mkono wa dhahabu, lakini alishaumia. Zamani alimwandikia mtu duka lake DUKA LA LEJALEJA. Mwenye duka akakataa kulipa, mji mzima ukamcheka, na watani zake wa Kimakua, ambao herufi ile wanaitamka bila shida, walikuwa wakimwona tu wanaita, "Lejaleja!" Tangu hapo Stefano akaapa kwamba herufi ile haitamshinda tena.

"Niandike nini, mama?" akauliza, penseli sikioni.

"Andika, Kula na Kulala."

"Mm. Na jina?"

"Kwa Mama Liziki."

"Mama Rrriziki," akasema Stefano kwa fahari, akiizungusha herufi yake kama pia ya mtoto. "Nimekuelewa kabisa, mama. Usihangaike. Kesho alfajiri kitakuwa juu ya mlango wako."

Tungejua kilichokuwa kinapita kichwani mwake! Alituambia baadaye. Alijiambia, mtu anayeitwa Riziki anajiita Liziki. Je, mtu huyo huyo akisema kula, anamaanisha nini? Na wiki ile ndiyo watu walikuwa wanaitwa kujiandikisha kwa ajili ya kura za mtaa, gari la matangazo linapita asubuhi na jioni! Akajiona mwerevu. Na hiyo kulala mbona hukuibadilisha, tulimuuliza. "Kurara si neno," akasema. "Mimi si mjinga."

Alfajiri akakitundika kweli, akapanda basi la Newala kwenda kwenye mikorosho yake.

Riziki aliporudi kutoka msikitini alipitia nyuma ya nyumba, akaingia moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa namsaidia kukuna nazi. Kukapambazuka, tukasikia sauti mbele ya nyumba, nyingi, kama harusi. Tukafungua mlango. Subhanallah! Watu wamepanga foleni kutoka kizingitini mpaka kwa muuza mkaa.

Riziki akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Shoga. Wamekuja!"

Machozi yakamjaa. Akajifunga kanga vizuri, akatoka na uso kama mbalamwezi. "Karibuni, karibuni jamani! Wanawake njooni kulia, wanaume zungukeni uani!"

Watu wakajipanga mistari miwili bila kuuliza, kama ilivyo kawaida kwenye mambo hayo. Mbele kabisa alikuwa Bi Ashura, bibi wa mtaa wetu, mwenye fimbo na ulimi mkali kuliko fimbo.

"Mwaka huu mmetukumbuka wazee," akasema Bi Ashura. "Kituo karibu, na kivuli kipo."

"Ahsante, Bi Ashura. Lakini wewe una nyumba yako, mbona?"

"Mwenye nyumba haruhusiwi?"

"Anaruhusiwa! Wote mnaruhusiwa. Haya, niambie, unataka cha juu au cha chini?"

Bi Ashura akafikiri. "Cha juu ndiyo mwenyekiti wa mtaa, cha chini wajumbe?"

"Cha juu kina ngazi," Riziki akamweleza kwa upole. "Kwa umri wako nakushauri cha chini."

"Yaani mzee hapewi mwenyekiti? Anapewa mjumbe tu?" Bi Ashura akageukia foleni. "Mnasikia? Wameanza!"

Nyuma mtu akapaza sauti, "Kura tunaijua, hiyo kulala ndiyo nini? Tutakaa mpaka kesho?" Mwingine akajibu, "Wanataka ulale hapo hapo usije ukabadilisha mawazo!" Watu wakacheka. Riziki naye akacheka pamoja nao, maskini, bila kujua anachekea nini. Mimi ndipo nikainua macho juu ya mlango. Nikasoma. Nikasoma tena kwa herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamvuta Riziki kanga.

Kabla sijafungua mdomo, bodaboda ikasimama kwa breki, akashuka Bwana Chande, mtendaji wa mtaa, jasho linamtoka.

"Mama Riziki! Nani amekupa kituo? Kituo cha kujiandikisha kiko shuleni, makarani wamekaa peke yao wanapigana na nzi! Nimepigiwa simu kwamba kuna kituo bandia Magomeni!"

"Kituo gani, Bwana Chande? Mimi nina vitanda."

"Vitanda vya nini?"

"Vya kulala."

"Na hiyo kura?"

"Ya kula! Ugali!"

Bwana Chande akamtazama, akatazama kibao, akatazama foleni. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Alikuwa mtu wa serikali na alijitahidi kweli, lakini kicheko kikamshinda, akajishika kwenye bodaboda. Bi Ashura alipoelewa alikaa chini kabisa mchangani. Foleni nzima ikalia kwa kucheka, wanaume wanapigana makofi mgongoni.

Riziki peke yake hakucheka. Alisimama chini ya kibao chake, akaning'oneza, "Kumbe hawakuja." Nikaona ile nuru inaondoka usoni kama taa inayopunguzwa utambi.

"Lazima kishuke, mama," Bwana Chande akasema, sasa kwa upole. "Au kifunikwe mpaka kura zipite. Na hawa watu waende shuleni."

Riziki akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Akawatazama wale watu waliosimama tangu alfajiri, wazee kwa vijana. Akasema, "Wataenda. Lakini mtu hasimami mlangoni kwangu asubuhi yote akaondoka na njaa. Shoga, leta sufuria kubwa."

Nani alitarajia hayo! Mwiko mrefu ukatoka. Uji wa nazi, mihogo ya kuchemsha, chachandu ya embe mbichi. Wakala barazani, wakala barabarani, Bwana Chande akala akiwa amesimama akisema hana muda, akaongezewa. Na kila aliyekuja kuchukua kikombe, Riziki hakumnyima maelezo: chumba hutoi miezi sita, unalipa mwezi, kitanda na sahani. Wakaenda shuleni kujiandikisha wameshiba, na wakiwa kwenye foleni ile nyingine wakasimulia.

Kibao tukakifunika kwa kanga yake. Jina la kanga lilikuwa MPAJI NI MUNGU, na kwa kuwa kanga haikufika chini, ukisoma unapata: MPAJI NI MUNGU, KWA MAMA RIZIKI, KARIBUNI WOTE. Wallahi hatukupanga.

Basi kuanzia hapo! Kicheko kina miguu kuliko gari la matangazo. Vijiwe vya bajaji vyote vikawa vinaulizana, umeshaenda kwenye kura na kulala? Madereva wawili wakaja kuangalia kwa ushabiki, wakala, wakahamia. Akaja Saida, anasomea uuguzi, alikuwa anakaa mbali anatembea na vitabu vyake juani. Kesho yake akaleta wenzake. Akaja fundi wa kiwanda cha saruji, Brian, mrefu mpaka miguu inatokea nje ya deka. Akaja mama muuza vitenge kutoka upande wa mpakani. Nyumba ikawa na sauti. Jioni sahani zinagongana, wasichana wanasoma kwa sauti ukumbini, mwalimu Godfrey anawasahihishia hesabu kwa kidole hewani, na hana chaki mgongoni. Riziki alikuwa anazunguka katikati yao kama bibi harusi. Alikuwa ananipigia simu kuniambia tu kwamba bamia zimeisha, na anacheka.

Ikabaki siku ya mnada, na kitanda kimoja tu upande wa wanaume. Nacho kilikuwa na mwenyewe: Selemani, mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliyeahidi kufika siku ile ile kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mchana simu ikaita. Selemani amekwama ng'ambo ya Kilambo, kule mpakani, kivuko hakivuki leo, maji ya mto yamepungua. Labda kesho.

Riziki akaweka simu mezani. "Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema, akaenda kuswali alasiri. Alikaa sana kwenye mswala.

Alipoinuka, lori likapiga honi. Mustafa huyo, anashuka kwa shida, anashangaa bajaji zilizojaa mbele ya nyumba ya mama yake. Akaingia. Akaona kuta nyeupe. Akaona wasichana wanamwamkia, "Shikamoo baba," huku na huku, akawa anaitikia marahaba kama mtu aliyepotea njia akaingia shuleni. Akahesabu vitanda kwa macho bila kusema neno. Akafika uani. Chumba cha kwanza kimejaa. Chumba cha pili, deka ya chini, shuka imenyooka, haina begi wala ndala.

"Riziki."

"Kaka."

"Hiki cha nani?"

Mwalimu Godfrey akafungua mdomo. Nilimwona, alitaka kusema ni changu. Riziki akamwangalia tu, kijana akaufunga. Kutosema uongo halikuwa sharti lililotajwa, lakini wote tulilijua.

"Mwenyewe amekwama ng'ambo ya mto, kaka. Leo hakina mtu."

Jikoni mchuzi ukawa unachemka. Mustafa akajikuna shingo. Sidhani kama alifurahi. Lakini neno alishalisema, na alikuwa amelisema mbele yangu.

"Tulielewana, mdogo wangu. Kesho napakia saruji kiwandani, naileta."

"Haya, kaka." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Kisha, kwa kuwa ni Riziki, akauliza, "Umekula?"

"Tangu Masasi sijatia kitu mdomoni."

"Na utalala wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Dereva wangu analala kwenye lori lake. Mimi nimepiga simu gesti zote, zimejaa wanunuzi wa korosho."

"Gesti ya nini tena, kaka?" Riziki akasema, hata hakufikiri. "Kitanda si kipo."

Aliyeliona jambo lenyewe kwanza alikuwa Bi Ashura. Siku hizi jioni huja na bakuli lake, anasema anakuja kukagua kituo. Akagonga fimbo chini.

"Bwana Mustafa, samahani. Ukilala hapo, kitanda kitakuwa kitupu?"

Mustafa akageuka. "Mimi si mpangaji, bibi!"

"Utakula?"

"Nitakula, ndiyo."

"Utalala?"

Mustafa akaitazama ile shuka iliyonyooka.

"Basi," Bi Ashura akasema, "kula na kulala ndiyo hiyo hiyo. Nyumba imejaa."

Yule fundi Brian akapiga kofi moja, akaliona limesikika mno, akaficha mikono. Sote tulimtazama Mustafa. Tumbo lake likaanza kutikisika kidogo kidogo, kisha likatikisika lote, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nimefungwa kwa kamba yangu mwenyewe!" akasema. "Na bibi wa watu!"

"Cha juu au cha chini, kaka?" Riziki akauliza, huku machozi yanamtiririka. "Ah, cha juu kina mtu. Chako cha chini."

"Mungu asifiwe," akasema aliyekuwa analala juu, akimtazama Mustafa na tumbo lake.

Baada ya magharibi Mustafa alikaa mkekani na wapangaji, akala mchuzi wa nazi aliolelewa nao. Saida akamwambia, "Baba, ongeza ugali," akaongeza. Alipomaliza akanyoosha sahani itolewe. Mwalimu Godfrey akakohoa.

"Kila mtu anaosha yake, mzee. Sharti la nyumba."

Tajiri wa mabati na misumari akainuka, akaenda bombani akaosha. Asubuhi, kabla ya kupanda lori, alisimama kizingitini akaipapasa fremu ya mlango, ile ambayo mama yao alikuwa akiegemea.

"Saruji nitaitafutia ghala kule kule karibu na kiwanda," akasema bila kutugeukia. "Mama alijenga vyumba."

Kura zilipopita, Stefano akarudi kutoka Newala na kopo la rangi, ameinamisha kichwa kwa aibu, anataka kurekebisha herufi yake. Wapangaji wakatoka mbio kumzuia, kila mtu anasema lake: kiachwe, kirekebishwe, hapana, kiachwe, ndicho kilichotuleta! Bwana Chande, aliyekuwa anapita, akasema basi watu wanyooshe mikono, kwani hapa si kwenye kura? Wakanyoosha. Herufi ya Stefano ikashinda kwa mikono yote, ila akaagizwa achore pembeni sahani ya ugali na samaki, ili mzee mwingine asipange foleni bure.

Riziki peke yake hakunyoosha mkono. Alikuwa mlangoni na mwiko wake, anashangaa kelele zote zinahusu nini.

"Kiacheni," akasema. "Mimi nikikisoma kinasema vilevile."